Vitafunio vya barabarani vya India: Chunguza maji, mafuta na saa

Kuna watu wanaoamini kwamba chakula cha Kihindi cha barabarani huharibu tumbo kwa sababu ya pilipili na bizari nyingi. Hilo si kweli. Pilipili haileti kipindupindu, wala bizari haileti homa ya matumbo. Ni kweli kwamba mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia huweza kuwashwa na viungo vikali. Lakini mtu mzima wa afya anapokula kitafunio jioni na kuamka usiku akikimbilia choo, aghalabu kosa si la masala. Kosa ni la maji, la mafuta au la saa.

Hayo ndiyo mambo matatu ya somo la juma hili. Tutajifunza kwa kutazama vitafunio vinavyopendwa sana katika miji ya India, kwa sababu nchi hiyo ina desturi kongwe ya kula barabarani, na pia imeandika sheria na mafunzo mengi kutokana na makosa yake. Nasi hapa Kenya tuna haja ya mafunzo hayo. Bajia, kachori, chevda, chapati na sambusa tunazonunua kando ya njia ni jamaa wa karibu wa vyakula hivyo. Vilitufikia kupitia biashara ya karne nyingi katika Bahari ya Hindi, na baadaye kupitia wafanyabiashara na wafanyakazi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901.

Sambusa yenyewe ina historia ndefu. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, alikwenda baadaye Delhi na kueleza jinsi ilivyoandaliwa mezani kwa sultani: nyama iliyosagwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya unga na kukaangwa. Viazi na pilipili havikuwamo, kwa kuwa vyote viwili asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na vilifika India baada ya Wareno kuanza kutia nanga huko mwishoni mwa karne ya 15. Leo samosa ya kawaida ya India hujazwa viazi.

MAKUNDI MANNE

Mtu akifika Mumbai, Delhi, Kolkata au Indore, huweza kuchanganyikiwa kwa wingi wa majina. Usijisumbue na majina. Kwa afya yako, jambo kubwa ni namna chakula kilivyotayarishwa. Vitafunio vyote vinaingia katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni vile vinavyopikwa kwa mvuke. Idli ya India Kusini ni keki ndogo nyeupe ya mchele na aina ya kunde ndogo nyeusi ziitwazo urad. Nafaka hizo hulowekwa, husagwa na kuachwa usiku kucha zichachuke, kisha hupikwa kwa mvuke kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Dhokla ya jimbo la Gujarat hufanywa vivyo hivyo kwa unga wa dengu. Kuchachuka huku ni sawa na kule kwa uji wetu wa kuchachusha: vijidudu vyema hutengeneza asidi ambayo huzuia vile vibaya, na chakula huwa rahisi kusagika tumboni. Tena, nafaka na kunde zikiliwa pamoja huupa mwili protini bora kuliko kila kimoja peke yake. Mafuta ni haba. Kwa mwenye shinikizo la damu au anayepunguza uzito, hili ndilo kundi la kwanza kulitafuta.

Kundi la pili ni vya kuchoma na vikavu. Katika ufuo wa Chowpatty na kando ya barabara ya Marine Drive mjini Mumbai, wakati wa mvua za masika ya huko, wachuuzi huchoma mahindi juu ya makaa na kuyapaka ndimu, chumvi na pilipili. Msomaji wa Nairobi au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi! Humo pia zimo njugu na dengu za kukaanga bila mafuta. Moto wa makaa huua viini, na mchuuzi hana haja ya maji. La kuangalia ni chumvi tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mwenye shinikizo la damu amwambie mchuuzi ampake ndimu zaidi na chumvi kidogo.

Kundi la tatu ni vya kukaangwa katika mafuta mengi: samosa, bajia, kachori, jalebi na vada. Vada pav ya Mumbai ni donge la viazi vilivyopondwa, likachovywa katika unga wa dengu, likakaangwa na kutiwa ndani ya mkate mdogo pamoja na chatini ya kitunguu saumu. Inasemekana ilianza kuuzwa mwaka 1966 nje ya stesheni ya Dadar, ikawa chakula cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kwa kuwa ni rahisi na hushibisha upesi. Neno pav lenyewe ni la Kireno, na maana yake ni mkate.

Kundi la nne ni vile vinavyotiwa maji au chatini mbichi baada ya kupikwa. Mfano mkuu ni pani puri, ambayo Delhi huitwa golgappa na Kolkata huitwa puchka. Ni kidude kidogo cha mviringo kilichokaangwa hadi kikavimba na kuwa na uwazi ndani. Mchuuzi hukitoboa kwa kidole gumba, akatia viazi na dengu, kisha akakizamisha katika chungu cha maji yenye ukwaju, nanaa na pilipili. Mnunuzi hukila mara moja, kizima. Ni kitamu sana. Pia ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko vyote.

JAMBO LA KWANZA: MAJI

Fikiri kuhusu pani puri hatua kwa hatua. Kile kidude kilikaangwa, hivyo viini vilikufa. Viazi vilichemshwa. Lakini yale maji ya ukwaju hayarudi motoni. Kama yalichotwa kutoka bomba lililopasuka karibu na mtaro wa maji machafu, au kama mkono unaozama ndani yake ndio unaopokea pesa, basi moto wote wa mwanzo umekuwa kazi bure. Uchachu wa ukwaju hupunguza viini, lakini usiutegemee kama dawa.

Mnamo Juni 2022 manispaa ya Lalitpur nchini Nepal, ambako kitafunio hiki kinapendwa sana, ilipiga marufuku uuzaji wake kwa muda baada ya wagonjwa wa kipindupindu kupatikana katika bonde la Kathmandu. Maafisa walieleza kwamba viini vya ugonjwa huo vilionekana katika maji yaliyotumiwa na wachuuzi.

Tahadhari hiyo inahusu pia barafu, sharubati, chatini iliyosagwa kwa maji mabichi, na kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ndoo moja tangu asubuhi. Hapa kwetu, sambusa ikitoka kwenye karai ni salama. Ile chatini ya ukwaju unayoimwagia ndiyo ya kuulizia. Mkamulie ndimu mbichi badala yake ikiwa huna hakika.

Glavu nazo zisikudanganye. Glavu iliyoshika noti na kisha kushika chakula ni chafu kama mkono. Afadhali mkono ulionawa kwa sabuni, na mtu mwingine apokee pesa, au mchuuzi atumie kijiko na koleo.

JAMBO LA PILI: MAFUTA

Mafuta ya kukaangia yana maisha yake. Kila yanapochemka hukutana na hewa, maji ya chakula na makombo, na polepole huvunjika. Yanapovunjika hutoa vitu ambavyo vikiliwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa na moyo. Mamlaka ya Usalama na Viwango vya Chakula ya India iliweka kanuni iliyoanza kutumika Julai 1, 2018: mafuta ambayo vitu hivyo vimezidi asilimia 25 yasitumike tena kupikia. Mamlaka hiyo hushauri mafuta yasirudiwe zaidi ya mara tatu. Mwaka huo huo ilianzisha mpango wa kukusanya mafuta yaliyotumika ili yageuzwe kuwa mafuta ya magari, kusudi yasirudi sokoni kwa bei rahisi.

Wewe huna kipimo mfukoni, lakini una macho na pua. Mafuta yaliyochoka huwa meusi na mazito, hutoa povu lisiloisha, hufuka moshi kabla ya chakula kutiwa, na harufu yake hukwaruza koo. Ukiona dalili hizo, pita kando.

Kuna pia suala la aina ya mafuta. Kwa miaka mingi wachuuzi wa India walikaangia mafuta yaliyogandishwa kiwandani, yanayoitwa vanaspati, kwa kuwa ni rahisi na hayaharibiki upesi. Mafuta hayo yalijaa aina iitwayo transi, ambayo huongeza lehemu mbaya mwilini na kupunguza ile nzuri. India ilipunguza kiwango kinachoruhusiwa hadi asilimia 3 mwaka 2021 na asilimia 2 mwaka 2022. Hapa kwetu, unaponunua mafuta ya kupikia nyumbani, soma karatasi ya mkebe. Ukiona yamegandishwa kiwandani, chagua mengine.

Na mafuta yasiyojulikana yanakotoka ni hatari kubwa zaidi. Mnamo Agosti 1998 watu wa Delhi walianza kuvimba miguu na kushindwa kupumua. Ilibainika kwamba mafuta ya haradali waliyopikia yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya mbegu za argemone, mmea wa mwituni wenye sumu ambao mbegu zake hufanana na za haradali. Maelfu waliugua na watu zaidi ya 60 walikufa. Funzo ni hili: mafuta ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na jina si rahisi hata kidogo, hata yakiuzwa nusu ya bei.

Hata mafuta yakiwa safi, kiasi ni muhimu. Vada pav ni wanga juu ya wanga: viazi ndani ya mkate. Vivyo hivyo chapati kwa viazi karai. Mwenye kisukari achague kimoja, na aongeze kunde au mboga. Jalebi, zile duara za unga zilizokaangwa na kuzamishwa katika shira, ziwe za sikukuu, zisiwe za kila jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama vijiko 12 vya chai, na ni vyema zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kumbuka kwamba hesabu hiyo inaingiza chai yako na soda yako.

JAMBO LA TATU: SAA

Viini hupenda chakula cha vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 za joto huzaana upesi. Ndiyo maana kanuni ya jumla ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila kuwekwa motoni au kwenye baridi.

Sasa tazama viazi vya kujazia samosa. Huchemshwa alfajiri, hupondwa kwa mikono, na pengine hukaa ndani ya beseni hadi saa kumi na moja jioni. Vikikaangwa haraka, ganda huiva na ndani hubaki vuguvugu. Kwa hiyo usitosheke na rangi ya nje. Ivunje katikati, ikiwa ndani haitoi mvuke, irudishe motoni.

Katika mji wa Indore kuna soko liitwalo Sarafa. Mchana ni maduka ya dhahabu na fedha. Usiku maduka yakifungwa, wachuuzi wa vyakula hupanga vibanda mbele yake na watu hujazana hadi usiku wa manane. Umati wa aina hiyo una faida moja: chakula hakilali. Kibanda chenye foleni hukaanga na kumaliza, hukaanga na kumaliza. Kibanda kitupu chenye kabati la vioo lililojaa bajia za tangu mchana ndicho cha kuogopa, hata kikiwa na rangi mpya.

RANGI NA KARATASI

Mambo mawili zaidi hayana budi kutajwa. La kwanza ni rangi. Mnamo Machi 2024 serikali ya jimbo la Karnataka ilipiga marufuku rangi bandia katika vyakula viwili vya barabarani: koliflawa za kukaanga ziitwazo gobi manchurian, na zile pamba za sukari wanazopenda watoto. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kuwamo kwa rhodamini-B, rangi ya kutia nguo. Chakula chenye wekundu unaong'aa kama plastiki usimpe mtoto. Wekundu wa pilipili na umanjano wa bizari huwa umefifia kidogo.

La pili linatuhusu sisi wenyewe. Kanuni za India za mwaka 2018 zinakataza kufungia chakula kwa magazeti, na Septemba 2023 mamlaka ya chakula ilirudia onyo hilo. Wino wa kuchapia huwa na kemikali, na unaweza kuwa na madini ya risasi, ambavyo huyeyuka upesi katika mafuta ya moto na kuingia katika chakula. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, mpe jirani ausome au uwashie jiko. Usifungie mahamri wala sambusa. Beba kopo lako lenye kifuniko. Wachuuzi wengi hawatakataa.

UKISHAUGUA

Watu wengi hulaumu chakula cha mwisho walichokula. Kwa kipindupindu huenda wakawa sahihi, kwa sababu huweza kuanza saa chache tu baada ya kula, ingawa huchukua hata siku 5. Lakini homa ya matumbo kwa kawaida huanza baada ya wiki moja hadi tatu, na ugonjwa wa ini wa aina A baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi. Kwa hiyo homa isiyoisha, au macho kuwa manjano, ni sababu ya kwenda kupimwa hata kama huna kumbukumbu ya chakula kibaya. Usinunue dawa za viini dukani kwa kukisia.

Anayeharisha huuawa na ukavu wa mwili. Hapa pia India ilitoa funzo kwa ulimwengu. Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika mjini Bongaon na kipindupindu kikawaingia, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundikia mishipani. Aliamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wanywe kwa kikombe. Vifo vilipungua kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Tumia pakiti za dawa hiyo kutoka kliniki au duka la dawa. Ukikosa, changanya hivi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Usizidishe chumvi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kliniki pia itampa mtoto vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kungoja ukiona damu katika choo, choo cha majimaji meupe kama maji ya mchele, macho yaliyozama, kutapika kila anachokunywa, au kutokojoa kwa saa nyingi. Na kwa wazazi: mnamo Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa kati ya miezi 9 na miaka 14. Muulize muuguzi wa kliniki yako kama mtoto wako ameipata.

USIMFUKUZE MCHUUZI

Kuna wanaosema dawa ni kuwafukuza wachuuzi wote. India ilijaribu hilo kwa miaka mingi, na wachuuzi walirudi kila mara, kwa sababu walaji walikuwapo. Sheria ya mwaka 2014 iliwapa haki ya kufanya biashara mahali palipotengwa. Mwaka 2018 eneo la ziwa Kankaria mjini Ahmedabad lilikuwa la kwanza kutambuliwa rasmi kuwa kituo cha chakula safi cha barabarani, baada ya wachuuzi kufunzwa na mahali pao kukaguliwa. Mchuuzi aliye na bomba la maji safi, mahali pa kutupa taka na choo karibu ndiye anayeweza kuwa msafi. Asiye na hivyo, hata akitaka, atashindwa.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA KABLA YA KUNUNUA

1. Je, chakula kinatoka motoni sasa hivi, au kilikuwa kikinisubiri?
2. Je, kuna maji, barafu au chatini mbichi itakayotiwa baada ya moto?
3. Mafuta yana rangi gani, na yanatoa moshi?
4. Anayeshika pesa ndiye anayeshika chakula?
5. Je, nzi wanafika kwenye chakula, na mtaro uko umbali gani?
6. Leo nimeshakula chumvi, sukari na mafuta kiasi gani?

Ukipata majibu mema katika matano ya kwanza, kula bila hofu. La sita ni lako peke yako. Na ukimpata mchuuzi anayechemsha maji yake, anayebadilisha mafuta na anayenawa mikono, usimwombe punguzo. Mrudie, na uwaambie wenzako kazini mahali alipo. Wateja wa kudumu ndio watakaomwezesha kununua mafuta mapya kesho.